Sabufa Mbili za Harusi ya Luciana

Basi la kutoka Sumbawanga lilikuwa linaukaribia mteremko wa bondeni abiria mmoja, Sada, alipotega sikio vizuri. Kwenye kiti cha mbele yake, Mathias na fundi redio Azizi walikuwa wanabishana huku wanacheka.

“Sabufa mbili, spika za besi, kila moja omu nne,” alisema Mathias. “Nikizifunga chanya kwa chanya, zinabaki omu mbili. Si mzigo umepungua?”

“Umeongezeka, kaka! Omu ni kama breki ya umeme: zikipungua, umeme unakimbia zaidi. Amplifaya yako haitaki chini ya nne. Ukiipa mbili, itaungua kabla bibi harusi hajatoka kanisani.”

“Kesho dada yangu Luciana anaolewa, na ukoo mzima nimeuahidi mziki wa kutikisa mabati!”

“Basi zifunge zifuatane, zifike nane. Sauti itapungua, lakini mtafika nayo kwenye keki.”

“Ipungue? Wajomba watasema nimemsindikiza dada kwa redio ya mkulima!”

Sada uvumilivu ukamshinda. “Samahani fundi, na basi hili, kwa mteremko huu, lina omu ngapi?”

Abiria wakaangua kicheko. Dereva akashusha gia, mteremko ukaanza.

Kwenye kituo cha Milepa, Mathias alishuka amekumbatia boksi lake la amplifaya, bado anabishana na Azizi. Sada alikuwa anaendelea mbele, lakini naye akashuka ili kesho aione harusi hiyo kwa macho yake. Jambo kama hili halisubiriwi kusimuliwa.