Mume wa Sajini: Alfrets Hendrik Rorimpandey wa Woloan, 1956–2019

Marehemu Alfrets Hendrik Rorimpandey alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Agosti 1956, hapa Woloan, Tomohon. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita wa fundi seremala Hendrik Rorimpandey na Bibi Antji Wowor. Baba yake alijenga nyumba za mbao za kuuza, zile zinazosimamishwa kando ya barabara, na mnunuzi akipatikana hufunguliwa ubao kwa ubao na kupakiwa kwenye lori. Familia ililala humo mpaka mnunuzi atokee. Marehemu alisimulia kwamba alipokuwa na miaka mitano alilala mchana katika nyumba mojawapo, na alipoamka ukuta wa upande wa mlima ulikuwa umekwisha kuondolewa, na ukungu wa mlima huo, Lokon, ulikuwa umeingia ndani mpaka kwenye mkeka wake. Hakulia. Alidhani nyumba zote hufanya hivyo.

Alisoma shule ya msingi ya kanisa hapa kijijini kuanzia mwaka 1963 hadi 1968, kisha sekondari Tomohon mjini hadi 1972. Vyeti vyake vipo, na havina la kujivunia isipokuwa mwandiko. Ilitarajiwa arithi randa ya baba yake, lakini vumbi la mbao lilimletea pumu. Mama yake akamhamishia jikoni, kwenye moshi wa kuni, na pumu ikatulia. Hakuna daktari aliyewahi kulieleza jambo hilo, na marehemu hakutaka lielezwe.

Mwaka 1974 aliajiriwa Manado katika duka la mikate la Bibi Giok Lan, karibu na bandari ya zamani. Kwa miaka tisa alikanda na kupika biapong, yale maandazi ya mvuke yenye nyama au kunde tamu ndani. Mvuke wa duka lile ulikuwa mzito kiasi kwamba wafanyakazi walitambuana kwa kikohozi. Kila alfajiri alipeleka vikapu viwili kwenye kambi ya jeshi. Kwenye chumba cha mawasiliano kulikuwa na dirisha dogo, na dirishani mkono wa kike ulitoka, ukachukua maandazi mawili, ukaacha pesa, ukarudi ndani. Mwenye mkono alikuwa amevaa visikilizio masikioni na hakuwahi kugeuza kichwa. Marehemu aliuona mkono huo kwa miezi saba kabla ya kuuona uso.

Uso ulikuwa wa Koplo Meiske Kaunang. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 9 Julai 1983, katika kanisa la Woloan. Kabla ya hapo marehemu aliitwa na baba mkwe, Mzee Kaunang, ambaye naye alikuwa askari mstaafu na alikuwa na swali moja.

“Askari akitumwa, nyumbani anabaki nani?”

“Nitabaki mimi, Papa.”

“Wewe ni mwanamume.”

“Ndiyo, Papa. Na nitabaki. Akirudi atakuta ni kwake na watoto ni wake.”

Mzee Kaunang alikula maandazi mawili. Kisha akauliza wanaonaje mwezi wa saba.

Walijaliwa watoto wawili: Greity, aliyezaliwa mwaka 1985, na Noldi, aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 1988. Mwaka 1986 Meiske alihamishiwa Ujung Pandang, na familia ikapewa nyumba ndani ya kambi. Baadaye walipelekwa Palu, kisha wakarudishwa Manado. Nyumba za kambini zote zilikuwa na ramani moja: mlango wa kijani, vyumba viwili, jiko nyuma, ukuta mwembamba kati ya jirani na jirani. Greity anakumbuka kuamka asubuhi ya kwanza katika mji mgeni na kudhani hawajahama, kwa sababu dirisha lilikuwa palepale na harufu ilikuwa ileile. Baba yake alikuwa akiwasha jiko kabla ya kufungua sanduku hata moja.

Mchele wa posho aliuanika juani kwenye mkeka siku nzima, akaupembua, akaupika na jani la pandani, lenye kunukia, hadi harufu ya ghala iishe. Nguruwe hakumpika kambini hata mara moja, kwa heshima ya majirani Waislamu, na watoto walimla Woloan tu, wakati wa likizo. Katika mikutano ya umoja wa wake wa askari, ambamo kila nyumba ilipaswa kuwakilishwa, alikaa mstari wa nyuma na daftari lake. Katibu aliita majina. Akifika kwa Ibu Meiske, yaani Mama Meiske, sauti nzito ilijibu: “Yupo zamu, nimekuja mimi.” Mwaka wa kwanza wanawake walicheka. Mwaka wa pili walimpa uenyekiti wa kamati ya jiko. Watoto wa kambi nzima walimwita Om Frets, kama mtu anavyomwita ndugu wa baba yake.

Tarehe 14 Januari 1991 Meiske, ambaye sasa alikuwa Sajini, alitumwa kwenye kituo cha mawasiliano cha mpakani, Kalimantan Magharibi. Alikaa huko miezi kumi na mitatu. Noldi hakuwa ametimiza miaka mitatu.

Ilikuwapo simu ya kambi, Jumamosi, dakika tatu kwa kila familia. Mwezi wa kwanza Noldi aliikumbatia simu. Mwezi wa pili alisikiliza. Jumamosi moja ya mwezi wa tatu aliweka simu sikioni, akaiangalia, akamrudishia baba yake.

“Humu hamna mtu,” alisema.

Tangu siku hiyo hakumtaja mama yake. Alionyeshwa picha, akasema ni askari. Marehemu, aliyekuwa ameahidi mbele ya mkwewe, hakujua la kufanya. Greity alikuwa na miaka sita na anakumbuka kwamba baba yake wiki hizo alipika vizuri kupita kawaida.

Hapa lazima ielezwe jambo ambalo familia imekuwa ikilisema kwa upole. Sajini Meiske alipika siku moja tu kwa wiki, Jumapili, na alipika kitu kimoja tu: tinutuan, uji wa mchele wenye boga, mahindi, muhogo na mrihani. Ulishika chini ya sufuria kila Jumapili. Alisimama mwiko mkononi na macho dirishani, kana kwamba masikio yake bado yapo kazini, na uji ukaungua polepole.

Jumapili ya mwisho ya Aprili 1991 Greity alikuwa na homa. Baba yake alikuwa chumbani akimkanda kwa kitambaa cha maji, na uji wa Jumapili aliouacha jikoni ukashika. Noldi, aliyekuwa akicheza sakafuni na vifuniko vya sufuria, aliinua pua.

“Mama anapika,” alisema.

Alikwenda jikoni kuangalia. Hakukuta mtu, lakini hakulia. Aliketi kizingitini, akakaa humo ndani ya harufu kama mtu aliyeketi juani.

Kuanzia Jumapili iliyofuata hadi Februari, mpishi bora wa kambi ile aliunguza uji kwa makusudi, kila wiki. Si sana. Aliupima kwa pua: harufu ilipofikia pale alipopafahamu, aliepua, akaita, “Uji wa Mama tayari,” na watoto wakala. Wakati wakila aliwasimulia Mama alivyo: anavyocheka akiwa amefumba mdomo, anavyovua viatu bila kutumia mikono.

Kuta za kambini ni nyembamba. Ibu Hasnah, mke wa Sajini Mkuu wa nyumba ya pili, alivumilia hadi Julai, kisha akaja na ujumbe wa kamati.

“Om Frets, sherehe ya kikosi imefika. Wenzangu wananiuliza, huyu tumpe sufuria ya watu mia mbili? Kila Jumapili anatufukiza kama mbu.”

“Nipeni, nitapika.”

“Na huo uji je? Mkono umeingia nini?”

“Ule uji una mwenyewe, Ibu.”

“Mwenyewe nani? Mimi nakuona wewe tu hapo na mwiko.”

Mwaka ule kamati ilimpa mtu mwingine, na marehemu alipangiwa kuosha masufuria. Aliyaosha.

Meiske alirudi Jumamosi, tarehe 15 Februari 1992, saa kumi jioni, kwa lori la jeshi kutoka bandarini. Alikuwa amevaa sare. Noldi alikuwa mlangoni na watoto wengine. Alimwona askari anakuja, na kama mtoto yeyote aliyekulia kambini alivyofundishwa, alibana miguu, akapiga saluti.

Meiske aliirudisha. Amesema mara nyingi kwamba mkono ulijiinukia wenyewe.

Jioni ile mtoto hakumkaribia. Alimwita Ibu Sajini, akamuuliza kwa adabu anaondoka lini. Meiske hakula.

“Ulisema watakuwa wangu,” alimwambia mumewe.

“Ngoja kesho,” alisema marehemu. “Kesho Jumapili. Pika wewe.”

“Nipike nini, Frets? Mtoto hanijui.”

“Pika tu kama unavyopika.”

Asubuhi alisimama jikoni na mwiko. Alitaka angalau siku hiyo uji utoke vizuri, lakini alikuwa akisikiliza kama chumbani kuna mtu ameamka, na uji ukashika. Alikuwa anakwangua sufuria kwa hasira aliposikia miguu midogo. Noldi alisimama mlangoni, nusu yake bado usingizini. Alimtazama mwanamke aliyevaa kanga ya nyumbani. Akaitazama sufuria.

“Kumbe ni wewe,” alisema. Akaja, akaegemea mguu wake.

Habari kamili Meiske hakuipata kwa mumewe. Aliipata ukutani, kwa Ibu Hasnah, aliyesikia yote.

“Sajini, karibu nyumbani. Huo wa leo umeunguza wewe au yeye?”

“Mimi, Ibu. Samahani.”

“Basi mmelingana. Mwaka mzima katuunguzia huyo, na hasemi kwa nini. Leo nimemsikia mtoto, nikaelewa; nimemwoshesha masufuria bure, masikini ya Mungu.”

Alasiri hiyo Ibu Hasnah alileta samaki wa kuchoma na mchele mpya wa shamba la kaka yake. Urafiki wa nyumba hizo mbili haujakatika. Leo yupo nasi, amesafiri kutoka Makassar, mji ule uliokuwa ukiitwa Ujung Pandang, akiwa na miaka sabini na minane.

Meiske alistaafu mwaka 2013 akiwa na cheo cha Sajini Mkuu, na wote wawili wakarudi Woloan. Miaka ya kwanza Meiske aliishi katika nyumba yake kama mgeni mwenye adabu. Aliuliza vijiko viko wapi, akafungua kabati moja baada ya jingine. Marehemu alipika, aliuza biapong siku za soko, na Jumapili alikwenda kanisani na harufu ya chachu kwenye mikono.

Machi 2016 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Kuanzia Agosti mwaka huo alisafishwa damu Manado mara mbili kwa wiki, na aliporudi alasiri alilala, akaamka, akapika. Mwanzoni mwa mwaka 2018 mikono ilikosa nguvu ya kuinua sufuria. Aliweka kiti karibu na mlango wa jikoni, na Meiske akaingia mahali pake. Dawa zilikuwa zimemwondolea ladha, hivyo alimwongoza kwa sauti ya chungu na kwa harufu, akiwa amefumba macho, kama anayesikiliza mvua ya mji mwingine.

“Punguza moto.”

“Nimepunguza.”

“Umepunguza redio. Mimi nimesema moto.”

“Mzee, hujaona hata jiko lenyewe.”

“Vitunguu vinapiga kelele, Sajini. Visikilize vyenyewe kama hunisikii mimi.”

Zilipita Jumapili nyingi hivyo. Mwezi wa Julai mwaka huu alianza kunyamaza. Meiske alikoroga, akaonja, akamgeukia.

“Mbona hunikosoi?”

“Hakuna la kukosoa,” alisema marehemu.

Meiske alimwambia Greity kwamba maneno hayo yalimtisha kuliko karatasi yoyote ya daktari.

Alfrets Hendrik Rorimpandey alifariki Alhamisi, tarehe 12 Septemba 2019, saa kumi na dakika ishirini jioni, nyumbani, akiwa amelala kitini kwake. Mvua ilikuwa imepungua na ukungu ulikuwa umeshuka hadi uani. Mkewe na Greity walikuwepo. Noldi aliwasili kutoka Palu Ijumaa asubuhi. Marehemu aliishi miaka sitini na mitatu na siku ishirini na tisa.

Yeye hakuwa askari, kwa hiyo leo hakuna bendera wala tarumbeta, na familia haikuomba. Akina mama wa Woloan walikuja Alhamisi ileile na visu vyao, kama ilivyo desturi, wakamtaka mjane aketi karibu na jeneza, wao wapike. Alikaa kidogo. Kisha aliinuka, akafunga kanga, akaingia jikoni, na chakula cha watu wote waliokuja kukesha siku hizi mbili kimepita mikononi mwake. Walipomsihi apumzike alisema: “Miaka thelathini mimi ndiye niliyekuwa nikifika nikakuta pamepikwa. Hawa wamekuja kwake. Wataondokaje na njaa?”

Baada ya mazishi tunaombwa tusitawanyike. Meza zimeandaliwa uani, na Sajini Mkuu Meiske amesema atapakua mwenyewe.

Marehemu ameacha mke, Meiske Rorimpandey-Kaunang. Binti, Greity, na mumewe Stenly Mokalu. Mwana, Noldi, na mkewe Fitje. Wajukuu watatu, Kezia, Jero na Antji. Dada wawili, Sientje na Yulce. Na majirani wa kambi tatu ambao hatuwezi kuwataja wote.

Mungu ampokee mtumishi wake, ampumzishe katika amani yake.