Maneno Manane ya Mabano

Ndugu waombolezaji, saa nane usiku wa kuamkia Jumatano, simu ya marehemu ilitetemeka juu ya friji, mwenyewe akiwa ameshatutoka, na mkewe, aliyeandika historia hii ninayowasomea mimi kaka wa marehemu, aliichukua akidhani ni hospitali, kumbe ni ujumbe wa mtu asiyemjua, ukisema pole nyingi, halafu, shemeji, nitumie yale maneno manane haraka, kazi ya Mabano isife.

Marehemu, tuliyemzoea kwa jina la Mabano, alizaliwa tarehe 14 Machi 1991, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na muuguzi, alimaliza sekondari mwaka 2009, chuo mwaka 2014, akaajiriwa maabara ya hospitali, chumba cha mwisho kisicho na dirisha, na tarehe 2 Februari 2016 akaanza kuandika maktaba ya programu, yaani kipande ambacho programu nyingine hukitumia, ya kusoma na kubadilisha mafaili ya XML, yale ya mabano kila mahali, kwa lugha ya kompyuta ambayo ukibadilisha kitu, cha zamani hakiguswi, unapewa kipya pembeni, ndiyo maana hata orodha ya sokoni hakukata neno, aliandika nyingine, nyumba ikajaa karatasi, mkewe akagomba mpaka akachoka. Maktaba hiyo aliigawa bure, na hospitali nyingi zinapitishia humo majibu ya vipimo.

Alifunga ndoa tarehe 19 Agosti 2023, wakajaliwa binti, sasa ana miezi kumi.

Figo zilimwanza Januari mwaka huu, na tarehe 20 Mei, wodini, alimkaririsha mkewe maneno manane, ufunguo wa kutoa toleo jipya la maktaba yake, akasema ampe dada wa meza ya jirani kazini, na kwamba atakayemharakisha ni mwizi, atachezea humo na majibu ya wagonjwa yatavurugika. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, saa kumi na moja jioni.

Usiku ule wa ujumbe mkewe alikuwa amekufa ganzi kwa majonzi, akamtumia yule mtu neno la kwanza, la pili, la tatu, mtoto akalia, akaenda kumnyonyesha, aliporudi akaliona tena lile neno la haraka, akakumbuka onyo la wodini, akazima simu. Asubuhi alimfuata yule dada wa kazini nyumbani kwake, akakiri yote, akajibiwa, pole wifi, matatu si manane, na palepale jikoni ufunguo ukabadilishwa, akakaririshwa mpya, kwa sababu marehemu alitaka uwe kwa watu wawili.

Tunawashukuru madaktari wa figo, majirani mnaombeba mtoto hadi sasa hivi, na wenzake wa maabara.

Lala salama, Mabano, maneno mapya anayajua yule dada na anayajua mkeo, naye anakuahidi hapa mbele ya jeneza lako, wa tatu hatamwambia.