Nusu ya Sarafu ya Yano

Nje ya kilabu cha Vetia, pale Verona ambapo njia ya kaskazini inaingia mjini, siku hiyo hata benchi la mawe lilikuwa na huzuni. Asubuhi mwendesha nyumbu mmoja alimkabidhi Vetia nusu ya sarafu kuukuu ya shaba, ile ya Yano, mungu wa nyuso mbili. Ilikatwa katikati kwa patasi, ukabaki uso mmoja. "Imeokotwa msituni kwa washenzi, kwenye maiti. Nimeambiwa kuna mwanamke wa askari hapa." Basi, akaenda zake. Na mumewe Rufio alipoondoka na jeshi, yeye na Vetia walikata sarafu kama hiyo, kila mtu na uso wake. Barua ya kifo Vetia asingeletewa: sheria haimruhusu askari kuoa, na mke asiyeandikwa hafiwi.

— Shemeji, usilie, alisema Seneta, fundi viatu aliyepachikwa jina hilo, ingawa baraza la maseneta kaliona kwa nje tu. Uso huu unatazama mbele. Mbele ni uhai.

— Mbele wapi! Jino Moja, mnywaji mwenzake, alimkatiza. Huu ndio wa nyuma. Wa marehemu.

— Koma, Jino! Nusu shari kuliko shari kamili. Kufa nusu si kufa. Halafu huku mgongoni mwa sarafu pana omo, pua ya merikebu. Kapanda chombo huyo, katoroka!

— Msituni kuna merikebu?

— Kuna mito. Tena washenzi wamemtawaza. Mtu mrefu vile, wamwache?

— Mfalme gani anaacha shaba yake kwenye maiti?

Vetia aliitua kata ya divai kwa kishindo.

— Mnaisoma shaba kama waaguzi wanavyosoma matumbo ya kondoo! Niambieni moja tu: nikae matanga, nisikae?

Bibi mmoja mchuuzi wa sufu, aliyetua furushi lake apumzike, aliuliza:

— Mwanangu, umeilinganisha na yako?

Tangu asubuhi Vetia hakuthubutu. Alivuta uzi shingoni uliofungwa nusu yake, akazilaza nusu mbili juu ya jiwe. Hazikuungana. Nyuso zote mbili zilitazama kushoto.

— Si yake! Seneta aliruka. Si nilisema? Yuko hai!

Vetia alianza kucheka, kiganja mdomoni, machozi yakimtoka. Bibi akaiokota ile nusu ngeni, akaifuta vumbi kwa kidole.

— Basi marehemu huyu ni wa nani?

Vetia akaacha kucheka. Jino Moja alinyoosha kikombe bila kumtazama mtu. Vetia aliinamisha chungu cha divai mpaka mwisho. Halikutoka hata tone.