Jabez Colthorpe na Sikio la Kushoto: Miaka Thelathini na Minane ya Kulinda Nguruwe wa Thornmarsh

Ndugu Jabez Colthorpe anastaafu leo, tarehe kumi Machi mwaka 1684, baada ya kuutumikia mji wetu wa Thornmarsh kwa miaka thelathini na minane akiwa mwangalizi wa nguruwe na mtunza zizi la mji. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuishika kazi hiyo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Wala hakuna aliyewahi kuiomba, Jabez mwenyewe akiwemo.

Wasifu huu nimeuandika mimi, Ephraim Lovekin, niliyekuwa karani wenu tangu mwaka 1652 hadi msimu uliopita wa mavuno. Anayewasomea ni karani mpya, Bwana Amos Penhale, kwa sababu mimi siwezi tena kusimama. Daktari amekuja kuniona mara mbili wiki hii, na mara ya pili alikuja bila mkoba wa dawa. Kwa hiyo nimeandika bila kuogopa mtu, na ninamwomba Bwana Amos asiruke mstari hata mmoja, hata watu wakikohoa.

Niseme mapema kwamba mwishoni mtaombwa kunyoosha mikono. Jabez anataka kuhamia Saltbrook, akaishi kwa binti yake Dorcas, kwa maana mkewe Joan alikwisha kufariki na nyumba yake inavuja pande tatu. Wazee wa Saltbrook, kama sisi, hawampokei mgeni asiye na barua ya karani inayosema kwamba kitabu cha mji wake hakina doa dhidi yake. Akifika bila barua, askari wa mji atamrudisha mpakani kabla ya siku kumi na nne. Bwana Amos alifungua kitabu ili aandike barua hiyo. Alipofika ukurasa wa mwaka 1659 aliweka kalamu chini. Mwandiko wa ukurasa ule ni wangu, na nitaufikia.

Jabez alizaliwa Suffolk, Uingereza, baba yake akiwa fundi wa kuezeka nyasi. Alivuka bahari kuja koloni hili mwaka 1642 akiwa na miaka kumi na minane, kwa mkataba wa kumtumikia bwana mmoja wa hapa miaka minne ili kulipia nauli. Wakala alipomuuliza pale bandarini kama anajua wanyama, alijibu kwamba anawajua sana. Baadaye alikiri kwamba mnyama pekee aliyewahi kumshika alikuwa bata bukini wa jirani, tena kwa muda mfupi, kabla jirani hajatoka nje. Safari ilichukua wiki kumi na moja. Jabez alitapika wiki kumi, na wiki ya kumi na moja alikuwa hana kitu cha kutapika.

Mkataba ulipokwisha alipewa, kama ilivyoandikwa, suti moja, shoka moja na nguruwe jike mmoja. Mwezi Machi mwaka 1646 alimwoa Joan. Wiki ileile mkutano wa mji ulimchagua kuwa mwangalizi wa nguruwe, kwa sababu ni desturi yetu kumpa kazi hiyo bwana harusi wa karibuni, kwa utani, ili watu wacheke mwaka mzima. Yeye hakuwepo mkutanoni kupinga. Alikuwa msituni akimfukuza nguruwe wake.

Wazee wanakumbuka kwamba utani ulikwisha mapema. Mwaka wa kwanza Jabez alitia pete puani mwa kila nguruwe wa mji huu ili wasifukue mahindi, na akawavisha nira za mti shingoni ili wasipenye ugo. Alitambua nguruwe kwa sauti. Akiwa kitandani aliweza kumwambia Joan ni nguruwe wa nani yuko kwenye maboga ya nani, na mara nyingi Joan alimwambia kwamba angefurahi kama angeitambua na sauti yake yeye. Machi iliyofuata bwana harusi mpya alipochaguliwa, alimfuata Jabez na chupa ya sharubati ya tufaha akamsihi aendelee badala yake. Ikawa hivyo kila mwaka. Nimehesabu wanaume arobaini na wanne waliomo humu leo ambao walioa kwa amani kwa sababu ya mtu huyu. Wanaweza kuinamisha vichwa.

Jambo lake kubwa zaidi halijasemwa vya kutosha. Nguruwe wetu walikuwa wakivuka mto maji yakipwa na kufukua kombe za magamba matopeni, chakula cha watu wa kijiji cha ng'ambo, ambao walikuwa hapa kabla yetu sote. Mji ulimtuma Jabez kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua maneno kumi ya lugha yao. Mama mmoja wa kule alimwuliza swali, naye akalileta neno kwa neno kwenye mkutano wa mwaka 1655: kwa nini Waingereza wanayazungushia ugo mahindi, ambayo hayatembei, na kuwaacha huru nguruwe? Mkutano ulisema swali ni zito na ukaliahirisha. Nimeliandika kuwa limeahirishwa mara ishirini na tisa. Jabez hakungoja. Alijenga ugo wa pwani kwa mikono yake, nguzo mia mbili na kumi, na bado umesimama.

Yuko pia yule nguruwe dume wa mwaka 1663 aliyeingia nyumba ya ibada mahubiri yakiwa yameingia saa yake ya tatu. Jabez, aliyekuwa ameketi benchi la mwisho nyuma ya mlango, alimshika mguu wa nyuma, nao wakatoka pamoja, haikujulikana nani akimtoa nani. Mchungaji hakusimamisha neno hata moja. Ilikuwa siku pekee ambayo kila mtu alikuwa macho hadi mwisho.

Vijana mtauliza kwa nini mtu wa namna hii aliketi nyuma ya mlango, mahali pa wahamiaji na walevi, na sasa nafika kwenye ukurasa wangu.

Mnajua kwamba kila nyumba ina alama yake, mkato katika sikio la nguruwe, nayo huandikwa katika kitabu cha mji. Nilipokuja hapa mwaka 1652 nilikuwa nimesoma chuoni miaka miwili. Nilijua Kilatini na sikuwa nimemkaribia nguruwe aliye hai. Wiki yangu ya kwanza niliambiwa niandike alama zote upya. Watu wote walikuja wakanitajia kwa mdomo tu: fulani, tundu, sikio la kulia, fulani, pengo, la kushoto. Jabez peke yake alimleta nguruwe mwenyewe, amemkumbatia, kwa sababu aliamini kwamba alama ni kitu cha kuonwa. Ilikuwa mkato wa mkia wa mbayuwayu, katika sikio la kushoto. Mimi nilisimama mbele ya yule nguruwe, uso kwa uso, nikatazama sikio lililokuwa upande wa mkono wangu wa kulia, nikaandika: kulia.

Mwaka mmoja baadaye Eliakim Rudd, aliyekuja kuwa shemasi wetu na sasa ni marehemu, aliniomba alama ambayo haina mwenyewe. Nilifungua kitabu nikaona mkia wa mbayuwayu wa kulia una mtu, wa kushoto hauna. Nikampa wa kushoto. Rudd akakata nguruwe wake kwa haki kabisa. Tangu siku hiyo watu wawili waaminifu walikuwa na alama moja, na kitabu kikamtambua mmoja tu.

Mwaka 1659 Rudd alimkuta katika ua wa Jabez nguruwe jike mnene mwenye watoto tisa, mkia wa mbayuwayu sikio la kushoto, akamdai. Jabez alisema ni wake. Wakaja mbele ya wazee wa mji na kitabu kikaletwa, nami nikasoma kwa sauti nzuri sana. Jabez hakubisha tena. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaambia watu zizini kila siku, "Nguruwe hana mdomo, kitabu kina mdomo." Alisimama tu akiniangalia kama mtu aliyesahau jina lake. Wakaandika, yaani nikaandika, kwamba alichukua nguruwe asiye wake. Akakaa saa mbili kwenye mkatale, miguu imebanwa kati ya mbao, mbele ya nyumba ya ibada, nao wakamshusha benchi, yeye na mkewe, hadi nyuma ya mlango.

Hilo lilikuwa asubuhi. Alasiri mkutano uliendelea na uchaguzi, na mwaka ule haukuwa na bwana harusi hata mmoja. Kwa hiyo mji uliomhukumu Jabez kwa wizi wa nguruwe kabla ya chakula cha mchana ulimchagua tena, kwa kauli moja, awalinde nguruwe wote baada ya chakula cha mchana. Niliandika maamuzi yote mawili ukurasa mmoja, na wino wa uamuzi wa kwanza ulikuwa haujakauka.

Kosa langu nililijua mwaka 1662. Nilikuwa nikiandika alama ya farasi, mwenye farasi akanicheka: "Kushoto kwake, Bwana Karani, si kushoto kwako." Niliinua kalamu nikakumbuka uso wa yule nguruwe. Ningeweza kusema siku ileile. Sikusema, kwa sababu karani asiyejua kushoto na kulia hana kazi, na mimi sikuwa na shamba. Baadaye sikusema kwa sababu Rudd alikuwa shemasi. Baadaye kwa sababu Rudd alikuwa amekufa. Sababu zilikuwa nyingi, zikaja moja baada ya nyingine, nami nikazipokea zote. Miaka ishirini na miwili.

Jumatatu nilimwita Jabez kando ya kitanda changu. Nilimwambia nina neno juu ya nguruwe wa Rudd.

"Nguruwe wangu," akasema.

"Ndiyo, wako. Ulijua?"

"Ephraim, nilimzalisha. Nilikuwa nimelala zizini siku mbili. Unadhani nilidhani ni wa nani?"

Nikamweleza kosa lote. Ilibidi nimweleze mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuamini kwamba mtu aliyesoma Kilatini anaweza kulifanya. Alimwinua paka wangu akamgeuza anitazame, akaniambia nimwonyeshe sikio la kushoto. Nikamwonyesha. Akamgeuza paka atazame ukutani, akaniambia nimwonyeshe tena. Kisha akamweka chini.

"Joan alikohoa miaka sita kwenye upepo wa mlango ule," akasema. "Wenzake walikaa mbele karibu na mabibi. Yeye alikaa na theluji mapajani."

Nilimwambia ninajua. Nilikuwa nikimwona kila Jumapili, maana benchi la karani linatazama mlango. Nikamwomba anisamehe.

"Si wewe unayeandika wasifu wangu?"

"Ni mimi."

"Basi liandike hilo. Na safari hii, mzee, simama nyuma ya nguruwe."

"Na msamaha?"

Alivaa kofia yake kwanza. "Nitakujibu nikiwa nimeketi kwa mwanangu, kwenye kiti chenye mgongo. Mtu wa benchi la mlangoni hajui kusamehe, anajua kutetemeka tu." Akatoka. Hakubamiza mlango. Ingekuwa afadhali angeubamiza.

Hivyo basi, ndugu na mabibi wa Thornmarsh, nimeufuta mstari wa mwaka 1659 kwa mkono uleule uliouandika, na kando yake nimeandika kwamba kosa lilikuwa la karani, nikatia jina langu. Lakini karani hana mamlaka ya kulifuta neno la mji. Mji ndio unaolifuta, kwa mikono. Ninaomba mikono yenu sasa, kabla nyama haijaletwa, kwa maana ninawajua: ikishaletwa, mikono yenu itakuwa na kazi nyingine. Kama kuna anayesita, na afikirie ni nani aliyemwomba Jabez aendelee, wiki ya harusi yake mwenyewe. Ninaomba pia benchi la nyuma ya mlango liandikwe kwa jina langu kwa Jumapili zilizobaki. Wanangu wako tayari kunibeba. Wameahidi kunifunika.

Barua ya kwenda Saltbrook iko mikononi mwa Bwana Amos, imekwisha kuandikwa, inangoja tu hesabu ya mikono. Inasema kwamba Jabez Colthorpe ni mtu mwaminifu, mvumilivu kuliko mji wake, na fundi hodari wa ugo. Inawaonya wasimpe kazi yoyote kwa utani, kwa sababu ataifanya.

Mji unamshukuru Ndugu Jabez kwa mahindi yote ambayo hayakuliwa, kwa maboga, kwa ugo wa pwani, na kwa heshima aliyoitunza alipokuwa amepokonywa. Tunamwombea paa lisilovuja, wajukuu wenye kelele, na kiti karibu na moto. Bwana Amos anamaliza kusoma, na mikono naamini iko juu.

Jabez, barabara ya Saltbrook ni siku mbili kwa gari la ng'ombe. Dorcas anajua kuandika, na mpanda farasi wa barua hupita huku kila Alhamisi. Safiri salama, ndugu yangu, lakini usikawie njiani. Nitajitahidi kuwepo hadi Alhamisi ya pili.