Shangazi Stiki na Tumbo la Ndege ya Njano

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuchokonoa injini za ndege, Shangazi Stiki anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kamati ya kumuaga ilitafuta mtu wa kumwandikia wasifu, na wote wenye mwandiko mzuri wakaingia mitini. Nikabaki mimi, fundi hodari kuliko wote karakanani, ukimtoa yeye.

Aliajiriwa kama fundi msaidizi wa injini za pistoni, akapanda hadi fundi mkuu, na njia nzima hakupunguza sauti. Jina alilipata kwa ile stiki ya kupimia oili. Huichomoa, akainusa, akaipangusa, kisha akatangaza injini inaumwa nini. Akisema oili inanuka petroli, usibishe. Mimi nilibisha mara moja, na hadi leo naitwa Mafua.

Lakini sifa yake kubwa ni ndege ya njano. Wakati fulani, kila ikitua, tumbo lote lilikuwa likichuruzika oili. Tukabadilisha sili, tukabadilisha gasketi, tukakaza kila kinachokazika. Wapi! Mkuu wa karakana akaamua injini ishushwe, ikafumuliwe. Na ndiyo ndege pekee tuliyokuwa nayo inayoruka. Ikilala, nusu yetu tunarudi nyumbani kuhesabu boriti za paa.

Shangazi akagoma. Alishangaa ndege gani hii, inavuja kila siku, na kila akichomoa stiki anakuta oili imejaa pomoni. Akafunga stoo ya oili, ufunguo akautia kifuani, akaapa kwamba atakayeongeza hata tone atafute mama mwingine wa kumzaa. Oili ikashuka kidogo. Ilikuwa bado juu sana ya alama ya chini, ile ya hatari, ila sisi tuliiona kama imekauka. Rubani akakataa kuruka mpaka aliyefunga stoo apande naye. Shangazi akapanda, akamwambia rubani awashe injini au ampishe kiti.

Walipotua, tumbo kavu! Kumbe zamu ya asubuhi ilikuwa ikiongeza oili, ya mchana ikiongeza, na rubani naye, kwa mapenzi yake, anamalizia. Injini ilikuwa kama mtoto anayelishwa na bibi, mama na shangazi kwa mpigo. Ziada yote ikatapikwa kwenye bomba la injini la kupumulia, linalotokea tumboni. Ugonjwa ulikuwa sisi wenyewe.

Tangu hapo, kila ndege ikitua hupitishwa kitambaa cheupe tumboni. Juzi Shangazi alikipitisha mwenyewe, mara ya mwisho, kwenye ile ile ya njano. Akakigeuza huku na huku kama mtu aliyeshikishwa noti bandia. Cheupe pe! Tukajikaza kusubiri kejeli. Haikuja. Alikikunja polepole, akakitia mkobani, akanikabidhi ufunguo wa stoo.

Shangazi, asante kwa kila ulipotufokea. Kaa kitako ule raha zako, na wajukuu wasikulishe kupita alama.

Stoo nimeifunga.