Punje Moja Hadi Bukoba

Basi lilipotoka Muleba, Damayanti, mwenye duka la vitambaa Bukoba, hakutaka maneno na mtu. Lakini mzee wa kiti cha mbele, ambaye mkono wake wa kulia ulilala pajani tangu kiharusi kimpige, alikuwa akimweleza mama aliyeketi jirani yake kwa furaha kama aliyeokota dhahabu.

"Mama, ni punje moja tu ya akamwani! Unaiweka ulimini, huimezi, unaisikiliza. Mawazo yakikimbilia kesho, unairudia punje. Mimi huyu niliyekuwa nalia kila siku kwa hofu ya kuanguka tena!"

"Tata, kahawa ya kutafuna ni ya kumkaribishia mgeni," mama akamkatiza. "Tunazika kila wiki kwa huu ugonjwa wa Juliana unaowakondesha watu hadi kufa, na wewe unasikiliza kahawa?"

"Nami nimezika wawili. Kahawa haikuwafufua. Ila leo asubuhi nimeiona migomba yangu, mama. Nimeiona!"

"Migomba ilikuwa pale pale."

"Mimi ndiye sikuwapo!"

Damayanti akacheka kabla hajajizuia. Mzee akageuka, akaomba radhi kwamba anatoa kwa mkono wa kushoto, akampa punje. Mama naye akachukua yake, "kwa sababu ya ugeni tu," kisha akaendelea kubisha huku akitafuna.

Basi liliposimama Bukoba walikuwa bado wanabishana. Damayanti, punje yake ingali ulimini, akamgusa mzee begani.

"Niongezee moja, mzee. Mume wangu naye kiharusi kilimpiga. Mwezi mzima sasa ameugeukia ukuta."