Mama Karakana na Ghala la Njiwa

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo ni dada yetu, mtoto wa tatu wa mshona viatu na mkunga, aliyezaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba iliyo nyuma ya stesheni, na marehemu mama alizoea kusema kwamba mtoto huyu alikuja duniani akitazama mbali, kana kwamba kuna mtu aliyeahidi kumpokea akachelewa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akasoma sekondari ya wasichana kuanzia 1975 hadi 1978, akahitimu stashahada ya mipango mwaka 1982, na tarehe 1 Julai 1983 akaajiriwa na halmashauri ya mji, idara ya mafunzo ya ufundi na ajira, ambayo wakati huo ilikuwa chumba kimoja, meza mbili na bomba linalovuja. Bomba hilo ndilo lililomleta shemeji yetu, fundi aliyeliziba leo likavuja kesho, hata makarani wakamtania, "Fundi, hilo bomba unaliziba au unalibembeleza?", wakafunga ndoa tarehe 6 Septemba 1986, Mungu akawajalia binti mwaka 1988 na mwana mwaka 1992.

Mpango wake wa kwanza, wa mwaka 1994, aliuandika akiwa mezani, ukafundisha ushonaji mtaa mzima, ikawa kila kibaraza kina cherehani na kila mwenye cherehani anamngoja mteja ambaye naye anashona, mpaka jirani mmoja akamwambia mbele za watu, "Mama, umetufanya samaki tuuziane maji!" Alicheka pamoja nao, lakini neno lile hakulisahau. Tangu hapo hakupanga kitu kabla ya kukaa vibarazani, akiuliza kila nyumba kuna nini kibovu kisicho na wa kukitengeneza, na kila kijana mikono yake inapenda nini, kisha huenda kwenye chumba kitupu, akafumba macho, akangoja mpaka asikie kazi itakayofanyika humo, na vijana wakamwita Mama Karakana.

Hivyo ndivyo alivyolisikia ghala kuukuu la halmashauri, ambamo mwanga hushuka kupitia matundu ya bati na wengine walisikia njiwa tu, yeye akasikia upande huu randa na nyundo, upande ule dawati ambapo waajiri na wanaotafuta kazi wanakutana uso kwa uso. Madiwani walitaka maegesho ya magari. Aliwaomba ghala hilo liwe karakana, kikao baada ya kikao, wakamwambia asubiri, akasubiri.

Februari 2018 figo zilianza kumsumbua, Agosti 2019 akalazwa, akawa anaelea kati ya usingizi na sisi, akimwambia mumewe kwamba anasikia watu wakiitwa kazini, na kila alipozinduka swali lilikuwa lile lile, "Wamepitisha?", naye shemeji, asiyejua kudanganya, akajibu, "Bado, mke wangu, lala kidogo."

Tarehe 19 Novemba madiwani walipitisha. Msaidizi wake alikimbia hadi wodini, pumzi juu juu, "Mama, wamekubali! Tuanze na ufundi gani?", na dada akafumbua macho, akasema, "Mwanangu, mimi naumwa. Waulize walioko nje, vibarazani." Alifariki tarehe 21 Novemba 2019, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliopika na kufua kwetu bila kuitwa, na wafanyakazi wenzake, ambao wametuuliza kama waahirishe kazi ya Jumatatu, siku watakayoanza kuwasikiliza vijana pale ghalani, kwa kuwa tuna msiba. Tumekaa kama familia, tumeafikiana: msiahirishe. Asubuhi na mapema, fungueni.

Pumzika kwa amani, Mama Karakana, nasi tukifumba macho tunasikia ghalani watu wameshaanza kuingia.